Kikombe cha Mawese na Damu ya Uledi

Uledi alikuwa mkamuaji wa mafuta ya mawese Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Siku moja ya soko, mwaka wa tatu tangu Uhuru, alianguka kando ya pipa, amekumbatia tumbo. Maumivu yalianzia chini ya kifua, yakatokea mgongoni. Alitapika mpaka nyongo.

Dada yake, Kulthumu, akamnywesha kikombe cha mawese ya moto. Hiyo ndiyo dawa ya tumbo kando yote ya ziwa. Maumivu yakazidi.

"Twende dispanseri," akasema Chausiku, mkewe.

"Niache. Wazungu walitupima damu, mimi na marehemu kaka yangu. Kundi moja. Yeye tumbo lilimuua. Na mimi damu iko ile ile."

Wazungu hao walichoma vidole vya mtaa mzima, wakaenda zao. Hawakueleza neno. Waliwaachia watu hofu.

Chausiku aliita majirani, wakambeba mpaka dispanseri.

Infirmiye Bahizire, muuguzi wa hapo, alimbonyeza tumbo. "Mumemupa nini?"

"Mawese," akajibu Kulthumu. "Kikombe kimoja tu."

"Dada, kidonda umekitia pilipili! Nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho. Linatoa maji makali ya kusaga chakula. Mafuta yanalihimiza liyatoe kwa wingi. Likiugua, maji hayo yanalichoma lenyewe, mengine yanaingia kwenye damu. Hospitali wanayapima."

"Na kundi la damu?" akauliza Chausiku.

"Kundi linaonyesha mugonjwa aongezewe damu gani. Pengine watu wa kundi fulani wanazidi wenzao kidogo kwa maji hayo. Kidogo hakiangushi mutu. Yakipanda sana, huo ni ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa."

Uledi akafumbua macho. "Basi sijahukumiwa?"

"Na nani? Kamyo ya samaki wa ndagala inakwenda Bujumbura, kwenye hospitali. Panda. Na asile kitu njiani."

"Afe njaa sasa!" Kulthumu akaruka.

"Njaa ya leo haimuui, dada. Kikombe cha pili kingemuua."

Hospitali walimtundikia dripu, tumbo likapumzishwa. Damu ilipimwa: maji makali yalikuwa juu mno. Walipopima tena, yalikuwa yameshuka. Uledi alirudi kwa miguu yake. Kulthumu akawa anamchemshia samaki bila mafuta, huku akinung'unika.

Mwaka wa sabini na mbili watu waliuawa kwa kuulizwa damu yao, yaani kabila lao. Jirani mmoja akamsogelea Uledi. "Wewe, damu yako ni ya nani?"

"Ilipimwa," akajibu Uledi. "Inafaa kumuongezea mutu asife. Kazi nyingine ya damu siijui."

Chausiku alimshika mkono. Walipanda mtumbwi pamoja na Kulthumu kukimbia mauaji, wakashuka Kigoma, Tanzania, wote watatu, wazima.