Friji ya Mtaa wa Nuzha

Kila alasiri, sala ilipokwisha na maduka kufunguliwa tena, Mueni alishuka kwa lifti kwenda kuleta mkate wa tamisi. Mkate wenyewe ulikuwa mpana kama sinia, umetoka tanurini muda huo huo, na mwokaji aliukunja kwa karatasi. Mueni aliukumbatia kama mtoto mchanga, huku akimega pembeni kidogo kidogo. Alipofika nyumbani, ukingo ulikuwa umeliwa nusu.

"Mueni, mkate huu umetafunwa na panya?" Mama aliuliza.

"Panya wa Jeddah wana njaa, Mama."

Mama alicheka hadi akaketi. Alikuwa muuguzi, na alikuwa amefanya kazi katika mji huu peke yake kabla ya kumleta Mueni kutoka Wote, Makueni. Baba na Lukas, mdogo wake Mueni, wangefuata shule zikifungwa.

Mambo ya Jeddah yalimshangaza Mueni kila siku. Bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto, kwa sababu tangi lilikaa juani kutwa nzima. Ukitaka maji ya baridi wakati wa joto ulifungua bomba la maji ya moto, maana hita yake ilikuwa ndani kivulini, imezimwa! Mchana barabara ilikuwa kimya, hata paka walilala chini ya magari. Jua likizama, ndipo mji ulipoamka: watoto wakaendesha baiskeli, akina mama wakatandika mikeka bustanini, na harufu ya kahawa na iliki ikaenea kote.

Lakini hakuna kilichomshangaza kama friji iliyosimama nje, ukutani karibu na lango lao. Ilikuwa na mlango wa kioo, na ndani mlikuwa na maji, juisi, maziwa ya laban na vifurushi vya wali.

"Vitu hivi ni vya nani?" alimuuliza Anas, mvulana wa ghorofa ya kwanza. Watu wa kwao walitoka Unguja zamani, wakaweka makazi Jeddah.

"Vya yeyote. Bibi yangu ndiye aliyeiweka hapa, na majirani wote hutia vitu," alisema Anas. "Fungua, chukua. Yalla, haya!"

"Bure?"

"Bure. Mbona umetoa macho hivyo, kama umeona simba?"

Mueni alichukua juisi moja ya embe, akainywa palepale. Siku ya pili alimkumbuka Lukas, ambaye alipenda juisi kuliko chakula. Akachukua yake, na ya Lukas. Siku ya tatu akawakumbuka wenzake wote wa darasa la sita kule Wote. Alianza kushuka na mfuko mkubwa. Kila alichochukua alikitia katika sanduku la safari chini ya kitanda, akiwawekea hadi watakapoonana: juisi, laban, hata chupa za maji. Kwa nini asichukue? Kilikuwa cha yeyote, na yeye alikuwa yeyote.

Alasiri moja, akirudi na mkate, alikuta watu wamesimama mbele ya friji. Ndani ilikuwa tupu, imebaki taa tu. Hashim, bawabu wa jengo, alikuwa akifoka. Mbele yake alisimama Yassir, mfagiaji wa mtaa, shati limelowa jasho. Bi Jokha, bibi yake Anas, alikuwa ameshika kufuli mkononi.

"Ni huyu, Bi Jokha," alisema Hashim, ambaye alikuwa mtu wa Lamu. "Nani mwingine yuko hapa tangu asubuhi? Anakomba vitu, anakwenda kuviuza!"

"Mie siku zote nimemjua Yassir mtu mwema," alisema Bi Jokha kwa huzuni. "Lakini wiki nzima tunajaza, na friji haijai. Basi. Yeye asiikaribie tena, na mie naitia kufuli."

Hashim akamgeukia Mueni. "Wewe binti hupita hapa kila siku. Hujamwona mwingine anayebeba vitu humu?"

Mueni aliukumbatia mkate wake.

"Mafi," alijibu. Hakuna. Neno lenyewe la Kiarabu alikuwa amejifunza dukani.

Yassir hakujua Kiswahili. Kwa kuwa alielewa neno hilo tu, alidhani msichana amemtetea, akamwinulia fagio kumshukuru, kisha akaondoka taratibu na kiu yake, kuelekea barabara iliyowaka jua.

Mueni alipanda nyumbani. Siku hiyo mkate ulifika mzima, haukumegwa hata ukingo. Aliingia chumbani, akavuta sanduku, akalifungua. Laban ilikuwa imevimbisha chupa na kuvuja, na harufu yake ilimpiga puani. Akalifunga, akaanza kuliburuta hadi kwenye lifti.

Mlango wa lifti ukafunguka. Mama huyo, anatoka kazini!

"Mueni! Unahamia wapi?"

Mueni akaangua kilio. Alisema yote: juisi, Lukas, darasa la sita, na Yassir. Mama alimfuta machozi kwa kiganja.

"Mbona hukuniuliza mimi, mwanangu?"

"Nilitaka kuwashangaza."

"Umenishangaza kweli," alisema Mama, akashika upande mmoja wa sanduku. "Twende. Mimi nitakusaidia kubeba, lakini kusema utasema mwenyewe."

Chini walimkuta Bi Jokha na Anas bado penye friji, na Mama alimwomba Hashim amwite Yassir kutoka barabarani. Mueni akafungua sanduku mbele ya wote, akamwelekea Bi Jokha.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi niliyevichukua. Yassir hana kosa. Hashim aliponiuliza, nilisema uongo."

"Lo!" Hashim alishika kichwa. "Kumbe mkombaji wetu ana kimo cha ndoo!"

"Mimi nilikwambia chukua," Anas alisema akicheka, "sikukwambia hamisha duka!"

Bi Jokha akamweleza Yassir kwa Kiarabu. Yassir alitazama sanduku, akamtazama Mueni, akacheka mpaka fagio likamponyoka. Hashim hakucheka. Alimwendea Yassir, akambusu kichwani kama wanavyofanya watu wa huko wakiomba radhi, naye akamkumbatia. Laban iliyoharibika ikatupwa, na vilivyo vizima vikarudishwa. Yassir akachukua chupa moja tu ya maji.

Kesho yake Mama hakuwa na zamu. Alipika ndengu na chapati, na Mueni akafunga kila chapati kivyake na ndengu ndani. Walipozipanga katika friji, wapita njia wakaanza kusimama. Dereva mmoja alionja, akabusu vidole vyake. Hashim alisema chapati hiyo imemrudisha Lamu bila nauli. Anas alimaliza ya kwanza, akanyoosha mkono apate ya pili.

"We!" Mueni alimzuia. "Kuna watu hawajapita bado."

"Tazama huyu! Jana mkombaji, leo mlinzi!"

Bi Jokha alicheka, akamvuta Mueni ubavuni mwake.

"Sikiliza, mwanangu. Kitu cha watu wote si cha mtu mmoja. Unachukua haja yako, unamwachia anayekuja nyuma. Hilo hukulijua, na ugeni una udhuru wake. Lakini kunyamaza mwenzio akibebeshwa kosa lako, hilo halina mgeni wala mwenyeji. Umeona aibu, na bado ukasema kweli. Kwa hivyo mtu kapata heshima yake, na mtaa umepata friji yake."

Kisha akalitia kufuli mfukoni, akafungua mlango wa kioo, akatoa chapati moja.

"Hii ni haja yangu," alisema, akaanza kula.