Mawe Juu ya Makumbi

Zamani za Mwingereza, kila maji yalipokupwa, Mwanahija alishuka pwani ya Bagamoyo na bibi yake, Mwanabaraka, kuangalia shimo lao la makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani mpaka yalainike, kisha hupondwa na kusokotwa kamba. Juu yake hupangwa mawe, maana makumbi huelea. Bila mawe, bahari huyachukua.

Asubuhi moja walikuta shimo lao wazi na makumbi mengi yamekwenda na maji. Mawe yao yalikuwa yamerundikwa juu ya shimo la jirani, Bi Mina.

"Mize, umetuibia mawe!" Mwanahija alimfokea binti wa Bi Mina, aliyekuwa pale shimoni kwao.

Mize akacheka. "Mawe yana jina? Haya, lisome basi!"

Bibi aliinama akaokota makumbi yaliyosalia. Lakini Mwanahija kifua kilimwaka. Tangu siku ile hakukanyaga kwa Bi Mina, na kila baada ya sala aliinua mikono: "Ya Rabi, na makumbi ya Mize yachukuliwe!" Maji yakajaa, yakapwa. Shimo la Mize likabaki salama.

Shuleni, Mwalimu Mtoro akafundisha kwamba mwezi ndio unaovuta maji. Ukiandama na ukiwa mpevu, huja bamvua, yale maji makubwa.

"Hata mtu akiomba yasije, mwalimu?" Mwanahija aliuliza.

"Yatakuja. Hiyo ni kanuni."

"Na mtu akinuna je?" Mize akadakia. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwanahija akauma meno. Kumbe hakuna anayeamuru huko juu, alijiambia. Basi nitalipiza mwenyewe, na mwezi utanisaidia.

Siku ya bamvua, maji yalipokuwa mbali, alikwenda peke yake. Alibeba mawe ya shimo la Mize, moja moja, akayatupa mbali. Mikono ilichubuka, naye aliona raha tu. "Leo utacheka, Mize," alisema. Akakaa kungoja bahari.

Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupanda pale bibi alipotokea, Mize akimfuata nyuma.

"Mwanahija! Umefanya nini?"

"Nimewalipa, bibi."

"Umetulipa sisi! Mina alipojua kosa la mwanawe, alinipa nusu ya makumbi yake. Yetu na yao yamo humo humo. Ningekwambia saa ngapi, nawe ukisikia jina lao tu unatoka nje?"

Mwanahija akakimbilia mawe. "Ya Rabi, yasimamishe maji, kidogo tu!" Maji hayakusimama. Yalimfika vifundoni, yakamfika magotini. Mize naye, bila kuambiwa, akaingia tope akisukuma jiwe. Bibi akalalia makumbi kwa mwili wake wote mpaka wasichana walipomaliza kupanga. Machache yaliwaponyoka, mengi yakabaki.

Walitoka wameloa chepechepe.

"Bibi," Mwanahija alisema akilia, "niliomba maji yasimame, hayakusimama. Niliomba yamkomoe Mize, hayakumkomoa. Mungu hanisikii?"

"Anakusikia. Tena mshukuru kwa kutokutii. Bahari ingefuata kisasi cha kila mwenye hasira, Bagamoyo hii ingebaki na nyumba gani? Mwalimu kasema kweli, mwezi huvuta maji. Lakini nani aliyeupa mwezi kipimo chake, usimwonee huyu wala usimpendelee yule? Mimi hapo ndipo ninapomwona Mola wangu. Haki yake haina chuki, mjukuu wangu. Yako ilikuwa chuki tupu, ukaiita haki."

Kisha akamgeukia Mize. "Na wewe mwizi wa mawe, usidhani umepona. Ombaneni radhi, hapa hapa, kabla sijazikamua hizi nguo."

Mize ndiye aliyeanza.