Bibi Oyimhon na Mikanda ya Beshik

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zulhumor humtilia bibi yake chai ya kijani, na kila asubuhi Bibi Oyimhon humwuliza yeye ni binti wa nani. Siku za utundu Zulhumor hujibu, "Wa jirani." Hapo bibi humfinya sikio, maana si kila kitu amesahau.

Mtaa mzima, pale mjini Marg'ilon, ulimjua Bibi Oyimhon. Yeye ndiye aliyewalaza watoto wao kwenye beshik, kile kitanda cha mbao cha kubembea ambamo mtoto hufungwa kwa mikanda, tangu baba zao walipokuwa wakitambaa. Sasa mdogo wake Zulhumor alikuwa anatimiza siku arobaini, na Shangazi Muhabbat akasema kazi hiyo safari hii apewe jirani, Bi Robiya. Hakutaka mama yake, Bibi Oyimhon, asahau na kuaibika mbele ya wageni.

Bibi alisikia. Hakugombana, alisukuma tu bakuli lake la chai, hata mkate hakuugusa. Zulhumor akambembeleza shangazi mpaka akakubali kwa shingo upande bibi aifanye.

Kwa siku tano bibi na mjukuu walifanya mazoezi kwa boga. Boga lilifungwa, likabembezwa, likaimbiwa. Siku ya tatu mama alitaka kulipika na bibi akakataa katakata, eti limeshazoea.

Siku ya sherehe nyumba ilijaa wanawake, moshi wa majani makavu ya kufukizia na harufu ya wali wa karoti. Bibi alimpokea mtoto, akamlaza kichwa upande wa miguuni, akauliza, "Hivi?"

"Hapana!" wanawake wakaitikia kwa kicheko, maana ndiyo desturi: mlazaji hukosea kwanza makusudi.

Akamgeuza. "Hivi?"

"Ndiyo!"

Kisha akashika mkanda wa kwanza, akakwama. Macho yake yakazunguka chumbani kama ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mtoto akaanza kulia. Bi Robiya alishakunja mikono ya gauni, na Zulhumor alijua kwamba jirani huyo akiingilia, hakuna tena atakayemwita bibi kulaza mtoto.

Alitaka kumnong'oneza bibi. Lakini wanawake wale wana masikio ya kusikia mchele ukimwagika nyumba ya tatu. Akauchukua mkanda, akajizungushia kichwani kama kilemba.

"Hivi, bibi?"

"Hapana!" chumba kikacheka.

Akauweka kwenye miguu ya mtoto. "Basi hivi?"

Bibi akampokonya mkanda. "Hapana, wewe. Mikono kwanza. Unataka ajizabe makofi usingizini?" Vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe: mikono, kifua, mkanda wa pili magotini, fundo, shuka saba juu. Mtoto akanyamaza. Peremende zikarushwa, watoto wakazigombania, na Zulhumor akaruka nao mpaka kitambaa chake cha kichwani kikamdondoka.

Jioni, wakiosha vyombo, Shangazi Muhabbat alimshika mkono.

"Ulijua kuufunga ule mkanda?"

"Nilijua, shangazi. Boga tumelifunga mara ishirini."

"Na hukumfungia bibi yako."

"Ningemfungia, ingekuwa kazi yangu, si yake."

Shangazi akaiweka sahani kando. "Mimi nilidhani nampumzisha mama," akasema. "Kumbe nilikuwa namsaidia kusahau. Mzee akisahau jina lako, haidhuru, mkumbushe. Asije akasahau kwamba tunamhitaji. Hilo ndilo kubwa, mwanangu, na halikumbushwi kwa maneno. Mwombe akufundishe, umpishe afanye."

Halafu akafuta mikono, akaenda kumwomba mama yake msamaha. Bibi Oyimhon alikuwa ameketi katikati ya majirani, uso unang'aa, hata hakumbuki alikosewa nini.

"Haya, tumesameheana," akasema. "Sasa semeni ukweli, nani mwingine humu ana mimba?"