Kipande Kilichoapa Uongo

"Anashuka kwa ngazi," redio ilisema sikioni mwake.

Kiraka alijua. Alikuwa nyuma yake ghorofa mbili, na goti la kushoto lilikuwa likimkumbusha kila hatua.

Miaka thelathini ya ujasusi, na hakuna adui hata mmoja aliyewahi kukimbilia lifti.

Mtu ambaye Kiraka alikuwa akimfukuza alivaa suti ya kijivu, amekumbatia laptopu ya ThinkPad kifuani. Ofisini walimwita Wakala. Ndiye aliyeiletea hospitali hii kipande cha programu cha kuongoza mashine za oksijeni. Mabwana zake walikuwa nchi nyingine. Alfajiri walituma ujumbe serikalini: mkataba wa madini usainiwe kabla ya saa sita mchana, la sivyo mashine zote mia mbili zitazimika.

Sasa ilikuwa saa tano na dakika ishirini na moja.

Ghorofa ya tatu, kitanda cha nne, akipumua kwa mojawapo ya mashine hizo, alilala dada yake Kiraka, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Ofisini hakumwambia mtu. Angesema, kazi ingepewa mwingine mwenye magoti mazima.

Asubuhi Fundi, binti wa maabara, alikuwa amemweleza mambo taratibu kama anayemfundisha babu yake kutumia simu. Mfumo endeshi wa mashine hizo ni huria, kila mtu ana ruhusa ya kuusoma na kuurekebisha. Kipande cha siri kikiingia, mfumo hujiandikia kwamba umetiwa doa, kisha hukinyima milango ya ndani. Cha Wakala hakikuacha doa lolote. Kiliingia kikitangaza kwamba nacho kina leseni huria, kikafunguliwa kila mlango.

"Kimeapa uongo, mzee," Fundi alisema. "Na siwezi kuking'oa kabla ya kusoma msimbo wake, yale maandishi yanayokiendesha. Nikikosea, pampu zinasimama."

Kwenye maegesho, Wakala alikuwa akihangaika na mlango wa Toyota. Funguo zilimwanguka. Kiraka alimfikia akihema, bastola ya Beretta mkononi, mtutu ukitazama sakafu. Kuuinua kulihitaji nguvu ambazo alikuwa amezimaliza kwenye ngazi.

Wakala alitabasamu. Alisema apigwe risasi wakipenda, maana nywila iko kichwani mwake. Kilichomo ni mali ya kampuni, na mawakili watabishana mwaka mzima.

"Kwa hiyo ni siri?" Kiraka aliuliza.

"Siri ya biashara."

Kiraka alirudisha bastola kwapani. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii ni hati ya makabidhiano. Sahihi ni yako. Umeandika kipande kina leseni huria, maana yake mwenye mashine akiomba msimbo, unampa. Mganga mkuu ameomba leo saa mbili, barua ina muhuri." Alielekeza kidevu kwenye gari jeupe. "Mle kuna hakimu, anatusikia. Kama ni huria, fungua laptopu. Kama ni siri, basi uliidanganya hospitali ili ushike pumzi za watu mia mbili. Huko ni kujaribu kuua, ndugu yangu. Neno siri umeshalitamka mara moja. Ukilirudia, hakimu ataliandika."

Kioo cha gari jeupe kilishuka kidogo.

Mabwana zake Wakala walikuwa mbali sana. Hakimu alikuwa hatua kumi.

Wakala aliketi sakafuni, akaanza kuchapa.

"Fundi, unapata?"

"Napata. Ngoja." Kiraka aliogopa, na hakuwa na mahali pa kuuficha woga huo isipokuwa mfukoni, pamoja na mikono. "Ndio huu. Mstari mmoja tu, umefungwa kwenye saa."

"Ng'oa."

Saa tano na dakika hamsini na nne.

"Nimeng'oa. Pampu zinakwenda, mzee."

Askari walimchukua Wakala. Mkuu wake Kiraka alikuja redioni kutoa pongezi na kudai ripoti. Kiraka alizima redio, akapanda hadi ghorofa ya tatu. Kwa lifti.

Dada yake alifungua jicho moja. Akamwambia amechelewa, kisha akauliza habari za kazi ya bima aliyodhani kaka yake anaifanya. Kiraka alijibu kwamba leo alikuwa anadai karatasi kwa mteja mbishi.

"Hii mashine inanipigia kelele," dada alilalamika. "Sijapata usingizi. Hebu waambie waizime."

Kiraka alimvutia shuka hadi mabegani.

"Iache ipige kelele, dada," alisema, akatoka akichechemea.