Kiti cha Nyuma

Nilifika dukani kwa fundi jua likiwa limebakiza wekundu kidogo juu ya mabati. Begani nilikuwa na mfuko wa madaftari ya watoto wangu wa darasa la pili. Nilidhani ni shughuli ya nusu saa. Tunachagua pikipiki, tunarudi nyumbani, nasahihisha hesabu zao za kujumlisha.

Aliyekuwa ananingoja ni mdogo wangu wa mwisho. Nyumbani tulimwita Kitinda. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka minne, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo nilimlea mimi. Sasa alikuwa mtu mzima, kazi yake ni kupeleka chupa za damu kutoka zahanati za mitaani hadi maabara ya hospitali kubwa. Pikipiki yake ya zamani ilikuwa imekufa kabisa. Alikuwa na uwezo wa kununua nyingine moja, basi.

"Dada, umekuja na fimbo?" alinitania.

"Fimbo yangu iko mdomoni. Ziko wapi hizo pikipiki?"

Zilisimama bega kwa bega katikati ya duka. Ya kwanza ilikuwa ya bluu. Usukani wake umeinuka, vioo viwili, taa mbele na nyuma, na nyuma ya dereva kiti cha abiria chenye vikanyagio vya kukunja. Ya pili ilikuwa nyeusi. Usukani wake umeshuka chini sana, dereva lazima alale kifudifudi juu ya tangi. Haikuwa na taa. Haikuwa na kioo hata kimoja. Nyuma ya dereva palikuwa na mkia mwembamba uliochongoka tu.

Fundi alikuwa mzee mpole, vidole vyeusi kwa oili.

"Ya bluu ni ya barabarani," alisema. "Utaendesha kutwa na mgongo usilalamike. Nyeusi ni ya uwanja wa mashindano. Kwenye kona haina mpinzani. Lakini kwenye foleni itakuunguza mapaja."

"Nyeusi," Kitinda akasema papo hapo. "Jumapili nashindana. Siku za kazi nitaifungia taa na vioo."

"Na mimi nikufungie bandeji?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshazika wawili. Huyu sikuwa tayari kumzika.

Fundi alikuwa na desturi yake. Hauzi pikipiki mpaka mnunuzi aikalie, naye apime kwa utepe wa chuma springi ya nyuma imeshuka kiasi gani. Springi nzuri hushuka sentimita tatu hivi. Kitinda akakalia ya bluu. Tatu.

Akakalia nyeusi.

Fundi alipima. Akafuta utepe kwa shati, akapima tena.

"Saba," alinong'ona. "Una kilo ngapi wewe?"

"Sitini na mbili. Labda ni mapishi ya dada."

"Shuka."

Kitinda akashuka. Pikipiki ilipanda kidogo... ikasita. Ikabaki imeinama nyuma, kama punda aliyebakiziwa mzigo.

Ndipo nilipoisikia harufu. Ya koti la ngozi lililoloa mvua, likafungiwa kabatini likiwa bichi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili.

Sisi walimu wa watoto wadogo tuna ugonjwa mmoja: tunahesabu. Kwenye kila mlango, kwenye kila ngazi, tunahesabu vichwa. Kwa miaka thelathini na moja sijawahi kupoteza mtoto. Nilihesabu bila kukusudia. Kitinda. Fundi. Mimi.

Mdomo wangu ukasema, "Wanne."

"Nini, dada?"

"Hamna kitu. Tunachukua ya bluu."

"Lakini dada..."

Nilimshika mkono kama nilivyomshika siku yake ya kwanza ya shule. "Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba."

Alilipapasa tangi la ile nyeusi. Kisha akashusha pumzi. "Haya, mama yangu. Ya bluu."

Fundi alinisogelea. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mwalimu... hii ya bluu ina kiti cha nyuma."

"Ndiyo maana naipenda," nilimjibu.

Akakunja utepe wake wa chuma.

Kitinda alivaa helmeti, akawasha. Damu ya jioni ilikuwa inamngoja zahanati, hakuwa na muda wa kukaa. Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, nikamwambia maneno ninayomwambia kila mtoto anayetoka darasani kwangu, maana kwangu hakuna mtoto anayetoka nje bila wa kumshika mkono.

"Usiende peke yako. Chukua mwenzako."

"Sawa, mwalimu!" alinijibu kwa sauti ya kitoto.

Nyuma yetu, springi ya pikipiki nyeusi ikapumua.

Ilipanda polepole... polepole... hadi juu.

Kikanyagio cha abiria cha pikipiki ya bluu, cha kushoto, kikafunguka chenyewe.

Tak.

Cha kulia.

Tak.

Kiti cha nyuma kikabonyea.

Nilipiga kelele. Injini ilizimeza zote. Taa nyekundu ikakata kona, ikapotea.

Fundi alikuwa ameketi juu ya kopo la oili, kichwa mikononi.

"Mwenye ile nyeusi alikuwa na mdogo wake," alisema. "Siku moja alimpakia kwenye mkia. Pale hapana kiti, mwalimu, umeona mwenyewe. Eti wazunguke uwanja mara moja tu, mvua inanyesha. Vioo haina. Alizunguka mara sita, anaongea naye. Aliposimama, nyuma hakuna mtu."

"Alimkuta wapi?"

"Hakumkuta. Hata koti hakulikuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni maneno ya watu. Mwaka mzima imekaa hapa, imetulia. Labda kwa sababu yule mdogo hakuwa na pa kukaa vizuri." Alinitazama. "Na hakuna aliyekuwa amemkaribisha."

Hii ni wiki ya saba sasa. Tairi la nyuma limekwisha mara mbili. Kitinda alianza kuinama. "Kuna mtu ananiegemea, dada," aliniambia, akijaribu kucheka. Halafu aling'oa vioo vyote viwili. Nilimuuliza ameona nini. Akaenda kuvitupa. Fundi alikifungua kile kiti, akakitoa. Jioni ile Kitinda alirudi na alama za vidole kiunoni, kumi, nyekundu. Tukakirudisha.

Tulipomwacha nyumbani siku mbili bila kupanda chochote, godoro lilibonyea kando yake.

Nimekwenda kwa mganga. Nimekwenda kwa watu wa dini. Wote waliniuliza swali lilelile: ni nani aliyemwambia aje? Kila mara nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

Kila jioni nilisimama mlangoni nikihesabu hatua zinazoingia uani. Wawili. Kila jioni, wawili.

Leo jioni pikipiki imeingia. Nikahesabu.

Mmoja.

Nikahesabu tena. Mmoja! Machozi yalinitoka. Nikafungua mlango kwa mikono miwili.

Alipita bila kunisalimu. Aliingia na helmeti kichwani, akaketi mezani, kwenye kiti cha Kitinda. Koti lake la ngozi linachuruzika maji sakafuni.

Kitinda hana koti la ngozi.

Yuko hapo mpaka sasa, hajavua helmeti. Nimemuuliza kwa upole, kama ninavyowauliza watoto waliorudi darasani bila mwenzao.

"Umemwacha wapi?"

Helmeti imegeuka... polepole... ikanielekea. Mle ndani sioni macho. Mtoto amenyamaza tu, kama watoto wote wanaojua wamekosa.

Na nje, upande wa barabara kubwa, nasikia sauti niliyoilea.

"Dada... nisubiri..."

Nimetoka mpaka barabarani. Nimeita. Nimesikiliza.

Imeniita mara tatu. Kila mara iko mbali zaidi.