Mwenye Ufunguo

Jumatano, tarehe 22 Aprili 2026. Manyunyu yalianza alfajiri, vibaraza vya Mji wa Kale vikalowa. Mwanakuu aliyatazama kupitia dirisha tu. Ulikuwa mwezi wake wa tatu ndani ya eda.

"Mwanakuu! Simu ya marehemu kakangu yafanya nini mkononi mwako?"

Wifi yake, Bimdogo, alisimama mlangoni na birika la chai. Aliliweka chini, akainyakua simu, akasoma kwa sauti:

"'Siku tatu niko mlangoni nakungoja. Nipe ufunguo niingie.' Ni nani huyu mwanamume? Na eda haijesha! Huna haya wewe?"

"Wifi, wallahi si hivyo. Huyo ni Thoya, wa Tudor. Ni mchezo wa Mzamil."

"Mchezo gani wa kungojana milangoni?"

Mwanakuu akaeleza huku machozi yakimtoka. Kila baada ya sala ya isha, mumewe Mzamil aliendesha mchezo wa kusaka hazina katika kundi la WhatsApp. Wachezaji walikuwa saba, kila mmoja na jina la kubuni: Thoya alikuwa Haramia, Ketty alikuwa Tabibu. Mzamil, aliyejiita Msimulizi, aliwapa mafumbo, nao wakaandika waendako na wafanyalo. Sasa Haramia alikuwa amefika mlango wa chumba chenye sanduku la hazina. Hawakuwahi kuonana, wala hawakujua kwamba amefariki.

"Na wewe ukajifanya yeye?"

"Siku ya saba baada ya maziko waliuliza, 'Msimulizi, uko?' Nikaandika, 'Niko.' Tangu hapo nimeshindwa kuacha. Nikiandika, wifi, naona kama yuko chumba cha pili."

"Wape hazina yao basi, yaishe."

"Sanduku lafunguliwa na mmoja tu, Mwenye Ufunguo. Na huyo hakuwahi kuingia mchezoni."

"Ni nani?"

Mwanakuu akamwonyesha daftari la Mzamil. Kando ya jina hilo Mzamil alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: *Mke wangu. Asipokuja, tumngoje.*

"Kila siku akiniita, 'Njoo ucheze nasi.' Nami nikimjibu, 'Nenda na watu wako wa simuni.' Mwaka mzima aliningoja, wifi. Nami nilikuwa papo hapo, napiga pasi."

Bimdogo akakaa kitandani, akamrudishia simu.

"Nisamehe, nimekudhania vibaya. Lakini wale wamngoja mtu aliye kaburini. Waambie, mwanangu."

Mwanakuu akanong'ona bismillahi, akalipigia kundi zima.

"Msimulizi! Leo twasikia sauti?" Thoya alicheka. "Nilidhani wewe ni bubu!"

"Mimi si Msimulizi. Msimulizi alikuwa mume wangu, Mzamil. Alifariki Januari. Mafumbo ya tangu hapo ni yangu. Nimewadanganya, nisameheni."

Kicheko kikakatika. Ketty ndiye aliyesikika kwanza, akilia.

"Pole, dadangu. Pole sana."

"Na sanduku?" Thoya aliuliza taratibu. "Tuliache tu?"

"Hapana. Mwenye Ufunguo ni mimi. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Akafunua ukurasa wa mwisho wa daftari, ule aliokuwa akiuogopa. Ulikuwa na mstari mmoja. Akawasomea: *Ndani ya sanduku: neno lake, lolote atakalosema.*

Bimdogo akamshika mkono.

"Basi neno langu ni hili," Mwanakuu akasema, "mbele yenu nyote, mbele ya wifi yangu, na Mungu anasikia. Sitaandika tena kwa jina la Mzamil. Eda ikisha, mje nyumbani na majina yenu ya kweli, tumwombee. Naahidi, mlango nitaufungua mimi mwenyewe."