Nitumie Picha ya Jani

—Uko wapi?

—Kwa mteja, mpenzi. Nafunga tangi la maji.

Nikakata simu bila kuaga. Nilikuwa kitaluni, mikono imejaa udongo, na picha aliyonitumia nusu saa kabla ilikuwa bado imefunguka kwenye simu. Mchumba wangu, fundi bomba, anatabasamu ndani ya gari. Nyuma yake, kupitia dirisha lenye vumbi, mti umejaa maua ya zambarau.

Jakaranda. Na jakaranda iliyochanua kiasi hicho naijua moja tu, ile ya langoni kwa fundi cherehani, mpenzi wake wa zamani. Mche nilimuuzia mimi mwenyewe, na mbolea nikamwongezea bure.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi.

Dada yangu, ambaye tunauza miche pamoja, aliniambia nitulie, wivu haujawahi kuotesha mche. Nikamjibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nikamwagilia viatu vyangu nikidhani namwagilia miche. Kisha nikaandika ujumbe:

"Jakaranda ya huyo mteja wako imechanua vizuri. Msalimie. Jumamosi usijisumbue kuja."

Akapiga mara tatu sikupokea. Ya nne nikapokea.

—Jakaranda gani?

—Iliyo nyuma yako. Mimi nauza miti, halafu unidanganye mbele ya mti?

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

—Nakuomba uniamini mpaka jioni tu.

—Nitumie picha ya jani.

—Jani la nini tena?

—La huo mti. Sasa hivi.

Hapa niseme ukweli, nijiaibishe. Kila mteja anayekuja kitaluni kuulizia "ule mti wa maua ya zambarau" huwa namcheka. Namwambia rangi ni ya kupendezea macho, jani ndilo la kutambulia. Jakaranda ina vijani vidogo vidogo vilivyopangana kama meno ya kitana, na ganda lake la mbegu ni la duara. Somo hilo nimelirudia miaka tisa. Wivu uliponishika siku moja tu, nikahukumu kwa rangi, tena kupitia dirisha chafu.

Picha ikaingia. Jani moja kwenye kiganja chake, pana, limegawanyika katikati kama ukwato wa ng'ombe. Picha ya pili ilikuwa ya mti wenyewe: maua yenye petali tano zilizoachana, na maganda marefu bapa yananing'inia.

Haikuwa jakaranda. Ulikuwa mti wa kwato, ndivyo tunavyouita kitaluni. Nilipaswa kushusha pumzi, lakini nikaikuza ile picha ya pili, na hofu nyingine ikaniingia. Kwenye tawi la chini palikuwa na kovu la kamba. Kamba ya bembea, na bembea ilikuwa yangu.

Mti huo baba aliupanda wiki niliyozaliwa. Nilikuwa sijakanyaga uani kwake miaka mitatu, tangu aliposema hataketi kwenye harusi ya binti yake na fundi bomba, nami nikamjibu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Safari hii nilipiga mimi.

—Uko kwa baba.

—Niko kwa mzee. Leo ni mara ya tano kuja kumwomba aje harusini. Zile nne hakunifungulia.

—Na leo?

—Leo bomba lake la jikoni limepasuka. Amesema fundi aingie, mkwe abaki nje.

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

—Angekataa tena, ungeumia mara mbili.

—Nisamehe.

—Tutaongea. Kuna mtu anaitaka simu.

Nikasikia kikohozi. Nilikijua kabla mwenyewe hajasema neno.

—Shikamoo, baba.

—Marahaba. Fundi ananiambia umeuona mti wako ukadhani ni jakaranda.

—Ndiyo, baba. Nilitazama rangi.

—Na si mimi niliyekufundisha kutazama jani?

Nyuma yake nikasikia maji yakitiririka vizuri kwenye sinki.

—Basi tumefanana, mwanangu. Mimi nilitazama ovaroli yake. Hebu niambie, hiyo Jumamosi nivae nini?